Kamera ya babu na lenzi ya bei nafuu: Kagua kioo kabla ya kutoa fedha

Katika nyumba nyingi za mwambao, juu ya kabati au ndani ya sanduku la mama, imo kamera ya zamani isiyoguswa kwa miaka. Aliyeinunua amekwisha kutangulia mbele ya haki, na waliobaki hawajui kama walichorithi ni mali au ni takataka. Nyumbani kwetu Tanga ilikuwepo moja ya namna hiyo. Ni Zenit-E, kamera ya Kisovieti iliyoanza kutengenezwa mwaka 1965 katika kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow. Marehemu baba yetu aliinunua mwaka 1979, akapigia picha za harusi, za madrasa na za safari zake za Pemba, kisha akaifunga katika mkoba wake wa ngozi, na humo ikabaki.

Haikututoka moyoni kwa sababu ya mapenzi ya vitu vya kale. Ilitolewa kwa sababu ya mama yetu, ambaye wajukuu wanamwita Bibi. Umri wake umepita miaka 80, na hatukuwa na picha yake hata moja ya miaka ya karibuni. Binti yetu, aliye kidato cha tatu, alimwendea jioni moja akiwa na simu mkononi.

"Shikamoo Bibi. Nataka nikupige picha."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kwa hiyo simu? Hapana. Picha ya simu inalala kwetu, inaamkia kwa watu nisiowajua."

Binti akasihi, Bibi akashikilia. Mwisho akasema, "Kama ni kwa kamera ya babu yako, nitakaa. Picha ya karatasi najua inawekwa wapi."

Wenye wazazi wazee watalielewa neno lile. Bibi hakuwa akiikataa picha. Alikuwa akiilinda sitara yake. Tumeshuhudia picha za harusi na hata za misiba ya watu zikizunguka katika makundi ya simu bila idhini ya wenyewe. Picha ya filamu ina kipande kimoja cha asili, na mwenye kukishika ndiye mwenye kuamua nani aone. Tukaona kwamba kuifufua kamera ile ni namna ya kumtii mama na kubaki na sura yake kwa heshima.

Katika kuifufua tulijifunza kwa hasara. Tumeona tuandike tulichojifunza, ili familia nyingine yenye kamera ya zamani isitupe fedha kama tulivyotupa sisi.

Mwili mzima, jicho bovu

Tulipoufungua mkoba wa ngozi, kamera yenyewe ilikuwa salama. Shata ililia vizuri katika kasi zake zote tano, kuanzia sehemu moja ya 30 ya sekunde hadi sehemu moja ya 500. Kipimo chake cha mwanga kilikuwa kimekufa, jambo la kawaida kwa kamera za rika lake, kwani kile kipande cha seleniamu kinachogeuza mwanga kuwa umeme huchoka kwa umri. Hilo halikututia hofu, kwa kuwa kamera hii haihitaji betri wala umeme ili kufanya kazi.

Msiba ulikuwa kwenye lenzi. Tulipoimulika kwa tochi tuliona ndani ya kioo nyuzi nyeupe zilizotanda kama utando wa buibui. Hiyo ni kuvu. Huota ndani ya lenzi panapokuwa na giza, unyevu na hewa isiyotembea, na mkoba wa ngozi ndani ya kabati la mwambao huyatimiza masharti yote matatu. Ikiachwa muda mrefu hula ule utandazo mwembamba uliopakwa juu ya kioo, na hatimaye hukichimba kioo chenyewe. Fundi aliyeifungua alituambia kwamba hata baada ya kusafishwa, alama zingebaki. Picha zake zingekuwa na weupe wa moshi.

Kwa hiyo tulihitaji lenzi nyingine. Hapo ndipo familia nyingi hufanya moja kati ya makosa mawili: ama hukata tamaa na kuitupa kamera, ama hukimbilia lenzi yenye jina kubwa na bei ya kutisha. Hakuna haja ya yote mawili. Kamera za filamu zinazoendeshwa kwa mkono zilitengenezwa kwa mamilioni, lenzi zake vivyo hivyo, na nyingi bado zinauzwa kwa bei ambayo familia ya kawaida inaweza kuiweka akiba ndani ya miezi michache. Lakini lazima ujue unachokiuliza.

Swali la kwanza: inafungwa vipi?

Kabla ya kutazama bei, tazama mdomo wa kamera pale lenzi inapofungwa. Kampuni nyingi zilikuwa na njia zake, na mara nyingi lenzi ya moja haiingii kwa nyingine.

Zenit nyingi, Praktica nyingi za Ujerumani Mashariki na Pentax Spotmatic iliyotoka Japani mwaka 1964 hutumia hesi: unaizungusha lenzi kama kifuniko cha chupa. Mduara wake ni milimita 42, na ndiyo maana wauzaji huiita M42. Hii ni neema kwa mwenye kipato kidogo, kwa sababu viwanda vingi vya nchi mbalimbali vilitengeneza lenzi za hesi hiyo, nawe unaweza kuchagua baina ya za Urusi, za Ujerumani na za Japani kwa kamera moja.

Lakini chukua rula. Zenit-E za mwanzo, pamoja na Zenit zilizotangulia, zina hesi ya milimita 39. Na hapo pana mtego mwingine: Fed na Zorki, kamera nyingine za Kisovieti, nazo zina hesi ya milimita 39, ila lenzi zake zilipimwa kukaa karibu zaidi na filamu. Ukiifunga moja ya hizo kwenye Zenit itaingia bila shida, lakini itaona kwa usahihi vitu vilivyo karibu mno tu. Uso wa mtu aliyekaa mita mbili mbele yako utakuwa ukungu mtupu. Muulize muuzaji ilitoka kwenye kamera gani.

Kamera nyingi za Kijapani hufungwa kwa kuingiza lenzi na kuizungusha kidogo hadi ilie. Pentax iliiacha hesi mwaka 1975 na kuanza mfumo uitwao K, na kamera yake ya K1000, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1976 hadi 1997, bado imo mikononi mwa watu wengi. Nikon ina mfumo wake tangu mwaka 1959, ingawa uliboreshwa mwaka 1977, na lenzi za kabla ya hapo zisiporekebishwa zinaweza kuharibu baadhi ya kamera zilizokuja baadaye. Canon ilikuwa na mfumo wa FD, ikauacha ilipoleta mfumo mpya mwaka 1987. Minolta na Olympus nazo zina mifumo yao. Mwenye kamera ya Kijapani na atafute lenzi ya kawaida ya kampuni ile ile, yenye milimita 50 na uwazi wa f/1.7, f/1.8 au f/2. Ndizo zilizouzwa pamoja na kamera, ndizo nyingi zaidi sokoni, na kwa hiyo ndizo rahisi. Wingi wake usikufanye uzidharau, kwani viwanda vilizitengeneza kwa uangalifu mkubwa.

Kosa letu: picha 36 zilizopotea

Sisi tulijua kwamba kamera yetu ni ya hesi ya milimita 42. Tukaridhika. Tukapata mtu anayeuza lenzi ya Helios-44M-4 kwa shilingi 95,000, tukatuma fedha kwa simu, lenzi ikaja kwa basi. Ilikuwa safi kama iliyotoka kiwandani leo. Ikaingia kwenye kamera bila kulazimishwa, nasi tukamshukuru Mwenyezi Mungu.

Idi ikafika. Dada yetu mkubwa alikuwa amekuja kutoka Muscat, mara yake ya kwanza baada ya miaka tisa, naye ndiye aliyetuletea filamu. Binti yetu alipiga picha zote 36 uwanjani baada ya swala na nyumbani wakati wa chakula cha mchana barazani. Alifanya kila kitu kama vitabu vinavyofundisha: filamu ya ISO 400, jua kali, kasi ya sehemu moja ya 500, tundu la lenzi katika f/16.

Filamu iliporudi kutoka kusafishwa ilikuwa nyeusi kama mkaa kutoka mwanzo hadi mwisho. Dada alikuwa amekwisha kurudi Muscat.

Sababu tuliielewa baadaye, nayo ni ndogo kama punje ya mtama. Tundu la lenzi hupanuliwa na kufinywa kwa mabamba membamba yaliyo ndani, mfano wa mboni ya jicho. Katika lenzi za aina tuliyonunua, mabamba hayo hukaa wazi wakati wote ili mpigaji aone vizuri, kisha hujifunga pale tu kamera inapokibonyeza kijiti kidogo kilicho nyuma ya lenzi. Zenit-E haina kifaa cha kukibonyeza kijiti hicho. Zenit zilizofuata, kama Zenit-EM na Zenit-11, wanacho. Kwa hiyo pete ilisema f/16, lakini mabamba yalibaki wazi katika f/2. Tofauti ya namba hizo mbili ni hatua sita, na kila hatua huongeza nuru maradufu. Filamu yetu ilipokea nuru mara 64 ya ile iliyostahili.

Muuzaji hakutudanganya. Lenzi ilikuwa nzima, nasi hatukumwambia tuna kamera gani. Kwa kamera kama Zenit-E, nunua moja kati ya aina mbili. Ya kwanza ni lenzi isiyo na kijiti, kama Helios-44-2 au Industar-50-2, ambayo mabamba yake hufungwa kwa mkono. Ya pili ni lenzi yenye kijiti lakini pia yenye swichi ndogo ubavuni iliyoandikwa A na M. Ukiisogeza kwenye M, mabamba hutii pete bila kusubiri kamera. Helios-44M ya awali ina swichi hiyo, na lenzi za Takumar za milimita 50 na 55 zinayo pia. Kuanzia 44M-4 Helios waliiondoa.

Lipi la kuchagua kwa fedha kidogo

Kwa mwenye kamera ya hesi ya milimita 42, tunaziona lenzi nne zinafaa kufikiriwa kwanza.

Helios-44-2 ni ya milimita 58 yenye uwazi wa f/2, na muundo wake ulitokana na lenzi ya Kijerumani iitwayo Biotar. Ina pete mbili za tundu: moja ya kuweka namba, nyingine ya kufungua na kufunga. Mwanzoni humchanganya mtu, baada ya siku mbili mkono huzoea. Humwona mtu aliye umbali wa nusu mita. Ina tabia ya kuyazungusha majani na vitu vya nyuma kama kimbunga tundu linapokuwa wazi, na vijana wengi huipenda kwa hilo, hata bei yake imepanda kidogo kuliko zamani.

Industar-50-2 ni ya milimita 50 na uwazi wa f/3.5. Ni ndogo na nyepesi mno, na ina vioo vinne tu. Mara nyingi ndiyo ya bei ya chini kuliko zote. Nje, kwenye jua, picha zake ni kali. Udhaifu wake ni ndani ya nyumba, kwa kuwa haipokei nuru nyingi.

Pentacon ya milimita 50 na uwazi wa f/1.8, ya Ujerumani Mashariki, ni nzuri, ila ichunguze kama ina swichi, kwani za baadaye hazina. Takumar ya Japani imetengenezwa kwa ufundi wa hali ya juu na pete zake hulainika kama siagi, lakini bei yake iko juu zaidi. Mwenye watoto ajue pia kwamba baadhi ya Takumar za f/1.4 na f/1.8 zina kioo chenye thoriamu, madini yenye mnunurisho mdogo. Kuitumia kwa kawaida hakuhesabiwi kuwa hatari, ila isifunguliwe wala kuvunjwa na watoto kwa kuchezea. Kioo hicho hugeuka manjano kwa miaka, na rangi hiyo hupungua kikianikwa kwenye mwanga wa jua.

Anayetaka lenzi ya pili baadaye, ya kuvuta vilivyo mbali, atazame milimita 135 yenye uwazi wa f/2.8 au f/3.5. Zilitengenezwa kwa wingi na hazigombewi sana. Zile za milimita 85, ambazo watu wa studio huzisifia kwa sura za watu, huwa ghali. Na msomaji asishangae akiona bei zinapanda mwaka hadi mwaka. Wenye kamera za kidijitali za leo nao huzifunga lenzi hizi za zamani kwa adapta, na soko limekuwa la watu wengi.

Ushauri wetu kwa familia ni huu: anza na lenzi moja ya milimita 50 au 58, na uitumie mwaka mzima kabla ya kufikiria nyingine. Kununua lenzi tatu kwa ajili ya kamera ambayo filamu yake yenyewe ni ghali ni israfu, na kukopa kwa ajili hiyo hakuna tija. Kati ya f/1.4 na f/2 tofauti ni hatua moja tu ya nuru, lakini bei yaweza kuwa mara mbili na zaidi.

Namna ya kuikagua

Nenda na tochi ndogo na, ukiweza, nenda na kamera yako. Mambo haya hayazidi dakika kumi.

Kwanza, fungua tundu hadi mwisho, elekeza tochi upande mmoja na utazame kwa upande mwingine ukiigeuza lenzi polepole. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, iache. Weupe kama pumzi juu ya kioo ni ukungu wa mafuta, na hupunguza ukali wa picha. Ukiona rangi za upinde wa mvua zikianzia ukingoni, gundi iliyoviunganisha vioo imeachia, nayo haitengenezeki kwa fundi wa mtaani. Vumbi kidogo lisikutishe. Viputo vidogo vya hewa ndani ya kioo cha zamani navyo havina madhara. Mkwaruzo mmoja mwembamba kwenye kioo cha mbele hauonekani pichani, bali mkwaruzo kwenye kioo cha nyuma ni mbaya zaidi.

Pili, zungusha pete ya tundu na uyatazame mabamba. Yafunguke na kufungwa kwa usawa. Yakiwa na mafuta kwenye lenzi ya kijiti, yatachelewa kujifunga na picha zitaungua. Kwenye lenzi ya kufungwa kwa mkono kama Helios-44-2, mafuta kidogo si kasoro ya kuikataa, kwa sababu mkono wako ndio unaoyaendesha.

Tatu, zungusha pete ya kulengea kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikiwa nzito kama imegandishwa, grisi imekauka, na gharama ya fundi iongezwe kwenye bei. Ikicheza kushoto na kulia, iache.

Nne, pitisha kidole kwenye hesi na ukingo wa mbele. Ukingo uliobonyea ni dalili kwamba lenzi iliwahi kuanguka.

Tano, na hili ndilo lingetuokoa sisi: ifunge kwenye kamera yako isiyo na filamu, fungua mlango wa nyuma, weka kasi kwenye B, weka tundu kwenye f/16, kisha bonyeza na ushikilie. Tazama kwa nyuma. Ukiona kitundu kidogo, lenzi na kamera vimeelewana. Ukiona duara kubwa la nuru, hata lenzi ikiwa mpya kabisa, si ya kamera yako.

Biashara ya vilivyotumika

Lenzi ya pili tuliifuata wenyewe Dar es Salaam, kwa mzee mmoja aliyewahi kuwa na studio. Tulimkuta na Helios-44-2, akitaka shilingi 70,000. Kabla hatujawasha tochi, alituambia, "Wanangu, mabamba ya hii yana mafuta. Kwa kamera yenu haidhuru, lakini mjue." Kisha mwenyewe akapunguza shilingi 10,000.

Tulikumbuka kisa mashuhuri cha Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la chakula na kukuta unyevu chini yake. Alimhoji mwenye mali kwa nini hakuuweka ule ulioloa juu watu wauone. Kuvu ya lenzi ni unyevu uliofichika vile vile. Anayeuza anaijua, na anayenunua haioni mpaka amulike. Ile lenzi yetu ya kwanza nasi tuliiuza, kwa kijana mwenye Praktica ambayo inakibonyeza kijiti, tukamweleza kisa chote na tukamwacha aijaribu kwanza. Tulipata shilingi 80,000. Hasara ya shilingi 15,000 tuliihesabu kuwa ada ya shule. Picha za Idi hazina wa kuturudishia.

Kuitunza isife tena

Hewa ya mwambao ina unyevu ambao mara nyingi huvuka asilimia 70, na kuvu haingojei zaidi ya hapo. Usiihifadhi lenzi katika mkoba wa ngozi. Iweke kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vyeupe vya silika vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu na mikoba mipya. Vipakiti vikishiba unyevu hubadilishwa. Lenzi yenye kuvu usiichanganye na nzima. Na kila wiki itoe, izungushe pete zake, iache ipate mwanga na hewa kwa muda. Tahadhari moja: usiiache kamera yenye lenzi ikitazama jua. Lenzi hukusanya miale kama kioo cha kuwashia moto, na shata ya Zenit ni ya kitambaa. Jua laweza kuitoboa.

Bibi akakaa

Tulimpiga Bibi picha asubuhi ya Jumamosi, kando ya dirisha la chumba chake, amevaa ushungi wake mweupe na tasbihi mkononi. Kwa kuwa kipimo cha kamera kimekufa, binti yetu alipima mwanga kwa programu ya simu, na Bibi akacheka kwamba simu imerudi kwa mlango wa nyuma. Sehemu moja ya 60 ya sekunde, f/2.8. Lenzi ya f/3.5 isingetosha kwa kasi hiyo ndani ya chumba kile. Kwa ajili ya dirisha hilo tu tulichagua Helios badala ya Industar iliyokuwa rahisi zaidi.

Filamu ilisafishwa na mzee wa mjini ambaye bado ana chumba chake cha giza. Alitoa nakala tatu za karatasi: moja ya Bibi, moja ya dada yetu aliye Muscat, moja ya albamu. Kipande cha filamu alitukabidhi mkononi, nacho kimo ndani ya bahasha katika sanduku la Bibi. Vipande vya namna hii vikitunzwa huishi kuliko waliovipiga. Pale Mji Mkongwe wa Unguja, Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 imehifadhi sura za watu ambao wajukuu wao leo ni wazee.

Picha ilikuwa na jambo ambalo hatukulitarajia. Dirisha la kutazamia la Zenit-E huonyesha takriban theluthi mbili tu ya kile ambacho filamu itakichukua. Binti yetu aliona uso na mikono ya Bibi, basi. Karatasi ilipotoka, pembeni alionekana mdogo wake wa miaka minne, amejibanza nyuma ya pazia, nusu ya uso nje, akimtazama bibi yake.

Tulidhani Bibi angechukia. Aliitazama kwa muda, akaisogeza karibu na macho.

"Na huyu nani aliyemwita?" akauliza. Kisha akaitia picha ndani ya msahafu wake, kwenye ukurasa aliofikia, akaufunga.

Mwenyezi Mungu amjaalie afya na mwisho mwema, yeye na wazazi wa wasomaji wetu wote. Mwenye kamera kabatini na aitoe leo, awashe tochi, atazame ndani ya kioo.